Kundi la karnivali linaingia njia mpya Mtwara mjini kwa mara ya kwanza: mwendo, ngoma na gari vipangweje?

Njuga_za_Mikindani (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kundi letu lina watu 56: wachezaji 40, wapigaji 10, wa mironjo (miti mirefu ya kutembelea) 2, mdimu (mcheza kinyago wa Kimakonde) 1 na watatu wa bango. Tumezoea kuzunguka Mikindani, mtaa wa pwani, kama mita 700 za mchanga na kokoto. Safari hii tumepangwa kwenye gwaride la Mtwara mjini, njia mpya, lami mwanzo mwisho, km 2.6, kona tatu, na mwisho ni Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Tumepewa dakika 90. Tunaondoka saa kumi na nusu jioni, Jumamosi, mwezi wa nane.

Tunapokwama:

1. Sindimba inachezwa mahali pamoja. Itembee vipi km 2.6 bila kugeuka matembezi ya harusi?
2. Wapigaji wakae mbele, au nyuma kwenye gari?
3. Vinganga vyetu (ngoma za mguu mmoja) ni vile vya kuchomeka chini. Lami haichomeki.
4. Tumeahidiwa kenta ya kubeba spika na jenereta. Inafaa?
5. Barua ya waandaaji inatosha au kila kundi linahitaji kibali chake?
6. Wazee wanataka mdimu awepo njia nzima.

Naomba vipimo wakuu. "Jiandaeni vizuri" tumeshaambiwa sana.

---

Mpiga_Likuti

Nianze na la 1 na la 2, maana hayo mawili yakikosewa mengine hayaokoi.

Mwendo kwanza. Chukua pigo la mguu 110 kwa dakika. Mchezaji anayekata kiuno huku anakwenda hapigi hatua ndefu, mhesabie nusu mita. Makundi mengi hupenda "nane mbele, nane papo hapo" kwa sababu ni rahisi kufundisha. Hesabu yake sasa: mapigo 16 yanakupa mita 4, kwa dakika moja unapata mita 27 na nusu. Km 2.6 zitakula dakika 94 au 95, na hapo hujasimama popote. Dakika zenu 90 zimeshakwisha na geti la uwanja hamjaliona.

Fanyeni kumi na sita mbele, nane papo hapo. Mapigo 24 yanawapa mita 8, sawa na mita 36 na ushee kwa dakika. Njia yote ni dakika 71. Zinabaki 19. Chukueni vituo vitatu vya dakika nne nne ambako mtafungua duara na kucheza sindimba yenyewe, kwa mkao wake, watu washibe. Hizo 12. Saba zilizobaki ni za kona na za gwaride la mbele likikwama, na litakwama tu.

Mazoezini msipime kwa macho. Tafuteni mita 110 zilizonyooka, wekeni kokoto mwanzo na mwisho, pigeni ngoma kamili, mtu ashike saa. Mkizimaliza kwa dakika tatu mko sawa. Mkitumia mbili na nusu, wapigaji wanakimbia. Na siku yenyewe watakimbia zaidi, watu wakishangilia mkono unakuwa mwepesi. Mteue mmoja asiyepiga kitu, awe na simu yenye programu ya kuhesabu mapigo na kisikilizio sikio moja, atembee pembeni ya mpigaji kiongozi. Kazi yake ni kushusha mkono tu wanapozidi.

Sasa wapigaji. Wachezaji 40 kwa safu za wanne ni safu 10. Acha mita 2 na nusu kati ya safu na safu, kiuno kinahitaji nafasi. Ongeza bango, mironjo na ngoma, kundi lina urefu wa mita 40 hivi kabla ya gari. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ngoma ikiwa nyuma kabisa, safu ya kwanza inaipata baada ya sekunde 0.12. Inaonekana ndogo, ila pigo lenu moja ni sekunde 0.55, kwa hiyo safu ya mbele imechelewa zaidi ya moja ya tano ya pigo. Mtazamaji aliyesimama pembeni anaona mguu wa mbele na wa nyuma haushuki pamoja, anasema hawa hawajajifunza. Kumbe wamejifunza, wamepangwa vibaya.

Wekeni wapigaji katikati: safu tano mbele yao, tano nyuma. Hapo aliye mbali zaidi yuko mita 17 au 18, tofauti inashuka chini ya moja ya kumi ya pigo, na jicho halioni tena.

Ngoma zisitiwe maiki. Spika ikiwa kwenye gari nyuma, safu za katikati zitasikia ngoma mara mbili, moja ya ngozi na moja ya spika inayofuata. Kila mtu atachagua yake.

Kuhusu nafasi: fuateni kundi la mbele kwa mita 10. Rio de Janeiro, kwenye ule uwanja wao wa gwaride wenye mita kama 700, kundi likiacha pengo katikati yake linakatwa alama. Hapa huenda hakuna wa kukata alama, ila pengo la mita 30 kwa Mtwara maana yake ni bodaboda sita ndani ya gwaride. Mkiona pengo limefika mita 20, msikimbie. Kiongozi apulize filimbi mbili, mnaacha zile nane za papo hapo na kwenda mbele mfululizo. Hapo mnakwenda mita 55 kwa dakika badala ya 36, pengo la mita 10 linazibwa kwa nusu dakika na zaidi kidogo. Filimbi ndefu moja, mnarudi kwenye 16 na 8. Jambo hili lifanyiwe mazoezi kama wimbo, vinginevyo nusu watasikia na nusu hawatasikia.

---

Fundi_Kuwamba

Mpiga Likuti kamaliza ya mwendo, mimi nichukue vinganga na ngozi.

Kinganga kina mguu mmoja uliochongoka ili uzame ardhini, ngoma isimame imeinama kidogo upande wa mpigaji. Kwenye lami watu hujaribu mambo mawili na yote mabovu. La kwanza ni kushikiwa na mtoto: ngoma inayumba, fimbo zinapiga ukingo, ngozi inachanika kwenye vigingi. La pili ni kuifunga kwa kamba kiunoni: mguu unamchoma mpigaji paja kila hatua.

Njia safi ni mkokoteni wa magurudumu mawili, wa mbao. Weka madebe ya lita 20 yenye mchanga, kila kinganga debe lake. Jaza robo tatu tu, ni kama kilo 25 kwa debe. Mchanga umwagiwe maji kidogo asubuhi ile, ushikane. Mkavu unatikisika na baada ya mita 200 ngoma imelala. Funga madebe pamoja kwa kamba, kisha yafunge kwenye mbao za pembeni. Vinganga vinne ni kilo 100 za mchanga, watu wawili wanasukuma bila shida kwenye lami tambarare. Sakafu ya mkokoteni itandike gunia, la sivyo bati la debe linapiga kelele zake.

Wapigaji wa vinganga wanatembea pembeni ya mkokoteni, wawili kila upande, si juu yake. Mkae mjue kimo kimebadilika: debe limeinua ngoma, na fimbo zile nyembamba zinatakiwa kuangukia ngozi kwa mkono uliolegea. Mpigaji mfupi atainua bega njia nzima na atachoka kabla ya kituo cha pili. Pangeni kwa kimo, msipange kwa ukubwa wa jina.

Ngoma za likuti na ntoji zivaliwe kwa mkanda wa upana wa sentimita 5, ule wa begi au wa gunia uliokunjwa mara mbili na kushonwa. Kamba nyembamba inakata bega. Katika kumi wenu, saba wapige na watatu wapumzike, mbadilishane kila dakika 15. Badilishaneni wakati wa kwenda mbele, kamwe si kwenye kituo. Kituoni ndipo watu wanarekodi.

Ngozi sasa. Mtwara jioni upepo wa bahari unaleta unyevu na ngozi inalegea, ya mbuzi upesi kuliko ya ng'ombe. Mmezoea kuwasha makuti pembeni mwa uwanja. Kwenye lami msiwashe moto, lami inalainika na kuacha kovu, na manispaa watakuwa na haki ya kuwadai. Chukueni majiko mawili ya mkaa. Moja libaki mahali pa kukusanyikia: anzeni kupasha dakika 20 kabla ya kuondoka, ngozi ikae nusu mita juu ya mkaa, izungushwe, igongwe kwa kidole kila mara. Ukisikia harufu ya nywele kuungua umeshakaribia mno. Ngozi iliyopashwa kupita kiasi hailegei, inapasuka, na hupasuka kwenye tundu la kigingi ambako huwezi kuziba.

Jiko la pili litangulizwe kwenye kituo cha pili na mtu wake, likiwa limekolea. Dakika nne zinatosha kupasha ngoma mbili, kwa hiyo chagueni mapema ni zipi. Ngoma yenye nta au ulimbo katikati isipashwe upande huo, ulimbo unayeyuka na sauti inabadilika.

Chukueni ngoma moja ya akiba, iwe imefungwa khanga. Mwezi wa nane mvua si ya kutegemea huku kwetu, lakini kipande cha turubai kiwemo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, msije mkaanza siku kwa faini.

---

Spana_Kumi_na_Saba

Kenta: mimi ningeikataa, na si kwa sababu ya spika.

Mita 36 kwa dakika ni km 2.2 kwa saa. Kenta ikiwa gia namba moja, mguu umetoka kwenye mafuta, bado inakwenda km 5 hadi 7 kwa saa. Hiyo tofauti dereva anaipata wapi? Anaipata kwa kukanyaga klachi nusu. Dakika 70 za klachi nusu, harufu inaanza kabla ya nusu ya njia, na huko mbele gari linabaki katikati ya barabara na makundi mengine nyuma yenu.

Kama mmeshaahidiwa na hamtaki kumvunja mtu moyo, dereva aendeshe kwa kusimama: aache kundi litangulie mpaka mita 25, aachie klachi yote, asogee mpaka abaki mita 12, aweke gia huru, asubiri. Watu wawili watembee usawa wa magurudumu ya mbele, mmoja kila upande, kazi yao ni watoto tu. Mtoto akiangusha pipi haangalii gurudumu. Na juu ya bodi asipande mtu. Bodi na chuma zake ni zaidi ya mita 3, mtu akisimama na kuinua mkono yuko mita 5, na nyaya zinazovuka barabara kwenda majumbani hulegea katikati.

Kupima nyaya msiinue fimbo wala mwanzi, hata mkavu. Tumieni kivuli: simamisha kijiti cha mita 1 wima, pima kivuli chake, papo hapo pima kivuli cha nguzo ya umeme. Kivuli cha nguzo gawa kwa kivuli cha kijiti, unapata urefu wa nguzo kwa mita. Waya katikati ya barabara uko chini ya hapo, toa mita moja kwa tahadhari. Kitu chenu kirefu kuliko vyote kipite chini ya waya kikiwa kimeacha mita 2. Wa mironjo wahesabiwe na mikono juu.

Ningewashauri mkokoteni wa pili badala ya kenta. Betri moja ya volti 12, 100Ah, ina wati-saa 1,200 kwa karatasi. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600, na inveta inakula sehemu yake, weka 500. Spika moja na maiki ya mtangazaji kwa wati 250 inakwenda saa mbili. Zinawatosha, na hakuna moshi. Jenereta ndogo ikiwa nyuma ya gari inapuliza moshi kwa kundi linalofuata, ikiwa mbele inapuliza kwa wachezaji wenu wanaopumua kwa nguvu. Na kuongeza petroli ikiwa ya moto, karibu na jiko la mkaa la Fundi hapo juu... jaza mwenyewe.

Betri ifungwe kwa mkanda na vichwa vyake vifunikwe mpira. Njuga ikidondokea vichwa viwili utaona fataki za mapema.

---

Karani_wa_Zamani

La vibali, kwa ufupi.

Maandamano au mkusanyiko mahali pa wazi yanatolewa taarifa kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Hiyo ni Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43. Mwandaaji wa gwaride ndiye anayeitoa, na ikiwa jina la kundi lenu, idadi yenu na muda wenu vimo kwenye orodha yake, hamhitaji barua ya pili polisi. Lakini dai nakala yenye mhuri, kiongozi awe nayo mfukoni. Askari wa usalama barabarani aliyesimama kona ya tatu hakuwa kwenye kikao.

Mpango wa waandaaji haufuniki mazoezi yenu. Mkitaka kufanya jaribio la njia na ngoma, watu 56 barabarani ni tukio lingine, taarifa nyingine. Anzeni kwa ofisa utamaduni wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, na mwenyekiti wa mtaa apate habari. Kundi liwe limesajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), maana hapo ndipo swali la kwanza hutokea mkitafuta mfadhili au malipo.

Mambo mawili yanayowatia watu matatani bila kujua:

Mavazi. Mkia wa mbega, ngozi ya chui, ngozi ya kenge kwenye ngoma: ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na "ilikuwa ya babu" si kibali. Mkonge uliochambuliwa na kutiwa rangi nyeusi na nyeupe, kutoka mita tano hakuna anayejua tofauti.

Magwanda. Wapo wanaopenda kupamba gwaride kwa mtindo wa beni, ile ngoma ya zamani ya kuiga bendi za jeshi, kofia na vyeo, kama enzi za makundi ya Marini na Arinoti. Beni ilikuwa na haki yake ya kuwacheka wakubwa. Lakini nguo za mabakamabaka au zinazofanana na sare za jeshi msivae. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wazisalimishe, na katazo halijafutwa. Kaptula nyeupe, mkanda mwekundu, kofia ya kadibodi: beni imekamilika.

Kama njia inagusa upande wa hospitali, Ligula au zahanati yoyote, ngoma zinyamaze mita 100 kabla na mita 100 baada. Mtembee kwa njuga. Kwa namna ya ajabu, sehemu hiyo huwa nzuri kuliko zote.

---

Mama_Ukumbi

Mwanangu Njuga, wengine wamekupa hesabu za kila kitu, la mdimu wameliruka.

Mdimu njia nzima, dakika 90? Hapana. Sura ni ya mti mwepesi, si mpingo, lakini ile inayofunika kichwa kizima haina hewa. Mvaaji anaona kupitia tundu la mdomo: anaona mbele kidogo, chini haoni kabisa. Kokoto za Mikindani anazifahamu kwa nyayo. Matuta ya lami hayafahamu. Dakika 15, ikizidi sana 20, kisha apumzike.

Na kupumzika kwake siyo kuivua pale njiani akinywa maji na kaniki begani. Mdimu ana siri yake na wazee wenu ndio watakaokasirika wa kwanza. Kwa hiyo asiwe mwenda njia. Awe wa vituo. Jengeni kibanda cha turubai, mita 3 kwa 3, kuta mpaka chini, karibu na kituo cha tatu, kwenye uwanja wa mtu mliyeelewana naye. Avalie humo, atoke ngoma ikibadilika, acheze dakika zake nne, arudi humo humo. Njia yote kabla ya hapo watu watakuwa wanauliza yuko wapi. Ndivyo inavyotakiwa.

Awe na mwongozaji mmoja, mtu wa jandoni, anayetembea mbele yake kidogo akiburuta fimbo chini ili mwenzake afuate mlio. Wazee wakikataa hata hivyo, basi mdimu abaki Mikindani. Karnivali haiharibiki kwa kukosa mdimu mmoja.

Halafu nimehesabu watu wako: 40, 10, 2, 1, 3. Msimamizi hata mmoja sijamwona. Nani atashika kamba ya kuzuia umati?

---

Njuga_za_Mikindani

Asanteni sana, shikamoo mama. La wasimamizi kweli tumelisahau, Mikindani kila mtu anamjua kila mtu, hakuna kamba. Tutahitaji wangapi?

Na kona: mazoezini tukikata kona kwa safu ya wanne, wa ndani wanakanyaga papo hapo wakisubiri wa nje wazunguke, na safu ya nyuma inatupanda mgongoni. Tunakosea nini?

---

Mpiga_Likuti

Mnageuka kama mlango, bawaba moja imesimama. Safu ya wanne mkiachana mita 1.2 ina upana wa mita 3.6. Wa ndani akisimama, wa nje anazunguka karibu mita 6, hatua 11 au 12. Safu ya nyuma iko mita 2 na nusu, inafika kwa hatua tano. Lazima iwapande.

Wa ndani asisimame. Achore naye kona yake, aanze kugeuka akiwa mita 3 kutoka pembe ya barabara. Yeye atakwenda karibu mita 5, wa nje zaidi kidogo ya 10. Wote watumie hatua 15: wa ndani hatua fupi ya sentimita 30, wa nje ndefu ya 70, wa kati wagawane. Macho kwa wa ndani, mikono isishikane. Chora kwa chaki mazoezini, mistari minne ya duara, mara kumi tu miguu inakariri. Mnahitaji barabara ya mita 6 na nusu iliyo wazi, kwa hiyo kona yenye bajaji zilizopaki mwambieni askari mapema.

Na kwenye kona hakuna papo hapo. Bango likifika kwenye kona, filimbi mbili, mwende mbele tu mpaka safu ya kumi itoke. Ni kama dakika moja.

---

Spana_Kumi_na_Saba

Wasimamizi sita: watatu kila upande na kamba ya mita 45, nene kama kidole gumba. Nailoni nyembamba inakata viganja umati ukisukuma. Wavae rangi moja isiyofanana na ya wachezaji. Wawili wa mkokoteni wa ngoma, mmoja wa spika, wawili wa maji. Kundi limeshakuwa watu 67, wapeleke waandaaji idadi mpya kabla orodha haijakwenda polisi, Karani atawaeleza kwa nini.

Maji: lita moja kwa mtu, yaani madumu manne ya lita 20 na yatabaki kidogo. Dumu moja na nusu mnywe kabla ya kuondoka, mengine yasubiri kituo cha pili. Msiyabebe njiani. Dumu moja dogo la lita 5 liwe na vijiko 30 vya chai vya sukari na viwili na nusu vya chumvi, vyote vya kufutwa juu. Hilo ni la wanaokazwa misuli, si la kugawa.

Mironjo: msizidi mita 1 kwa mara ya kwanza kwenye lami. Chini vaeni kipande cha tairi tabaka mbili, misumari ipigwe ubavuni. Ukiipiga kwa chini, kichwa cha msumari kinateleza kama barafu, hasa penye oili ya bajaji. Kila mmoja na mtu wake wa kumdaka. Kwenye matuta wapite kwa pembeni ya tuta, mguu mmoja mmoja. Mwezi wa nane kusi ni kali, bango la plastiki la mita 3 litawavuta wa bango kama tanga. Tumieni kitambaa chepesi, mita 2 kwa 1, kwenye mianzi miwili.

Na wachezaji wasije pekupeku. Saa kumi na nusu lami bado ina joto la mchana. Raba au makobazi. Kandambili zinabaki nyuma.

---

Fundi_Kuwamba

Nyongeza ya mwisho kwa upande wangu. Kaitembeeni njia Jumamosi mbili kabla, saa ile ile, viongozi wanne tu, bila ngoma. Siku ya wiki ina maana: malori ya makaa ya mawe na saruji yanayoelekea bandarini yana saa zake, na soko lina lake. Andikeni kila tuta, kila mfereji usio na mfuniko, kila waya uliolegea, na wapi kivuli kipo saa kumi na moja. Vituo vitatu viwe palipo na upana na ukuta wa upande mmoja tu. Penye kuta mbili zinazotazamana, vinganga vinarudi masikioni na wapigaji wanapotea.

Pimeni na geti la uwanja mtakaloingilia. Kama ni jembamba kuliko mita 5, safu ya wanne haipiti, na kubadilika kuwa wawili wawili kunarefusha wachezaji kutoka mita 25 mpaka 50. Hiyo nyongeza lazima ikae mahali, na nyuma yenu kuna kundi jingine. Vunjeni safu mita 60 kabla ya geti, si getini. Mkokoteni wa ngoma upite wa kwanza, usimame ndani kushoto au kulia, uendelee kupigwa, na wote waingie wakiufuata kwa sauti. Jua la mwezi wa nane Mtwara linazama kama saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo mkiingia kwa wakati bado mtaonekana.

---

Njuga_za_Mikindani

Tumepima geti leo. Upana ni mita 4.2. Tunavunja safu kwenye nguzo ya tatu ya umeme kabla yake, tumeipaka chokaa. Wazee wamekubali kibanda, ila wanataka kuta za makuti. Turubai hawalitaki.

---

Mama_Ukumbi

Makuti sawa, yasukwe mara mbili. Na jiko la mkaa la Fundi likae mbali nayo.